Mashine ya Nyumba Sita

Fundi alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba cha kulia, na kucha nyingine zote alizikata mpaka karibu na nyama. Wageni waliofika karakana walidhani ni mapambo ya kizee. Mimi niliyekaa naye meza moja miaka kumi na mmoja nilijua kuwa ni kifaa cha kazi. Nilikuwa na maikromita, kipimo cha unene, niliyokabidhiwa kwa sahihi. Yeye alikuwa na ukucha wake. Tulipobishana kuhusu pini, maikromita ndiyo iliyopelekwa Mwanza kuchunguzwa.

Karakana yetu iko Tarime, pembeni ya barabara ya kwenda Sirari. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara ambaye nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka. Ndiye aliyeinunua ile mashine kutoka kiwanda kilichofungwa upande wa Kenya, na Fundi alikuja nayo, maana aliiendesha hukohuko tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Watu wa mjini walisema Mama alinunua chuma akapewa mzee kama nyongeza. Mama alikuwa akijibu kwamba wamegeuza: alimchukua mzee, nyongeza ni ile mashine.

Niieleze kidogo, kwa sababu bila hiyo mashine mtu huyu haeleweki. Ni dude refu kuliko gari, lina ngoma ya chuma ndani yake, na kwenye ngoma kuna spindeli sita. Kila spindeli inashika nondo yake ya chuma laini na kuizungusha. Ngoma inajigeuza hatua moja, kila nondo inakutana na kisu kingine: huku inamenywa, kule inatobolewa, kule inachongwa ncha, na mwisho inakatwa. Kila sekunde chache pini inadondoka kwenye trei. Pini sita zinazofuatana zimetoka kwenye spindeli sita tofauti, kisha mzunguko unaanza upya, kwa hiyo ya kwanza na ya saba ni ndugu wa tumbo moja. Tulitengeneza hasa pini za pampu za maji za mkono, zile ambazo mpini wa pampu unacheza juu yake. Pini ikiwa nyembamba kwa unene wa unywele tu, inaanza kulegea, inajila, na siku moja kijiji kizima kinarudi mtoni.

Fundi hakusema spindeli. Alisema nyumba. Mashine yote ilikuwa mji wa mzee mmoja mwenye wake sita, na kila spindeli nyumba ya mke mmoja na watoto wake. "Nyumba ya pili leo iko na homa," angesema asubuhi, kabla hata hajavua koti. Au, "Nyumba ya tano imelala njaa, ongeza nondo." Mimi kazi yangu ilikuwa kupima. Kila nusu saa nilichukua pini sita zinazofuatana, nikazipanga kwenye ubao wenye matundu sita aliouchonga Fundi mwenyewe, nikazipima na kumpelekea. Yeye aliyafunga macho, akapitisha ukucha kwenye kila moja, akasema: "Rudia." Au hakusema kitu, akaniachia ubao.

Wakati mwingine, mara chache sana, alichukua pini moja kati ya zile sita na kuitia mfukoni mwa koti lake. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mama akiona tundu moja tupu kwenye ubao hakuuliza swali, alimpigia mteja simu aje achukue mzigo. Niliona Fundi akifanya hivyo kwa mashine aliyoitega, yaani kuipangia vipimo, yeye mwenyewe. Kwa mashine niliyoitega mimi, na aliniachia niitege mara nyingi, hakuwahi. Nasema wazi kwamba jambo hilo liliniuma. Nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto shule, na nilikuwa nikitazama mfuko wa koti la mzee kama mtoto anayesubiri pipi.

Alikuwa kiziwi nusu, na hiyo ni kawaida kwa mtu aliyeishi na kelele za aina ile. Ajabu yake ni kwamba hakuna aliyeisikia mashine kama yeye. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mwili wa mashine, mpini akauuma kwa meno, akatulia hivyo kama anayenyonya muwa. Alisema sauti inapita kwenye mfupa. Akitoa ile bisibisi mdomoni alikuwa anajua beringi gani imekauka. Lakini ofisa wa halmashauri alipokuja kututembelea, akamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee," Fundi alimjibu kwa sauti ya juu, "Robo milimita!" Ofisa akaandika kwenye daftari lake. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kwa mashine alikuwa mkali, kwa mambo yake mwenyewe hakujali. Nyumbani kwake Kewanja, alikokwenda kila Ijumaa mchana, lango la uani lilifungwa kwa waya uliopinda. Baiskeli yake haikuwa na pedali ya kushoto, kulikuwa na boliti tupu. Nilipomuuliza kwa nini asijichongee hata pedali, aliniangalia kama niliyetukana. "Hiyo baiskeli ni yangu mwenyewe," alisema. "Hakuna mtu inamchelewesha."

Jumamosi alikuwa anasali na hagusi chuma. Mwaka mmoja oda ilibana, na Mama akanong'ona kwamba Fundi akishaondoka Ijumaa sisi tuwashe mashine Jumamosi hata kwa saa chache. Sijui kiziwi alisikiaje. Jumamosi tulipofika, mashine iliwaka vizuri, ngoma ikageuka vizuri, ila kisu cha kukatia hakikusogea. Alikuwa amefungua kamu moja ndogo, lile gurudumu la chuma lenye umbo la yai linalokiambia kisu lini kije na lini kirudi, akaondoka nayo Kewanja. Watu waliokuwa kanisani walituambia baadaye kwamba aliimba nyimbo zote huku koti limelalia upande mmoja. Jumapili alirudi, akaifunga kamu. Mama alimtumia chai yenye maziwa mengi.

Mimi aliniita Binti Mwalimu, kwa sababu baba yangu alikuwa mwalimu wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Lindi. Alikitania Kiswahili changu. "Nyinyi watu wa kusini mnaongea kama mnapiga pasi," alisema. Alinitania na hesabu zangu pia, lakini huo utani ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe si ya kuchekesha.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Fundi alifiwa na kaka yake, akaenda Kewanja siku nne. Aliniachia mashine na karatasi moja kwenye meza: "Ya nne ikilegea kaza robo mzunguko." Siku ya pili, kweli, pini moja katika kila sita ikaanza kutoka nyembamba. Nikajiona nina bahati, jibu ninalo mkononi. Nikafungua kifuniko, nikahesabu spindeli: moja juu kulia, nikazunguka kama mshale wa saa, mbili, tatu, nne. Nikaikaza robo mzunguko. Nikapima sita zilizofuata na nikaona afadhali, au nilitaka kuona afadhali. Mzigo ukatoka.

Sikujua kwamba Fundi hahesabu kwa kuzunguka. Alihesabu kama nyumba zilivyojengwa kwenye mji wa baba yake: ya kwanza kulia kwa mlango, ya pili kushoto, ya tatu kulia chini ya ile ya kwanza, ya nne kushoto, na kuendelea hivyo mpaka ya sita. Nne yangu ilikuwa sita yake. Nikawa nimeiharibu nyumba iliyokuwa nzima na kuiacha ile gonjwa ikiendelea kuumwa, pini mbili mbovu katika kila sita.

Wiki tatu baadaye mpini wa pampu ulichomoka kijijini Matongo, ukampiga mama mmoja begani. Fundi aliposikia hakunigombeza. Alichukua pini sita za siku ile nilizokuwa nimezitunza kando, akazifunga kwenye kitambaa, kisha akaita bodaboda mbili. Kwenye pampu walikuwepo akina mama kama ishirini na madumu yao matupu. Fundi alinipa spana na pini mpya mbele yao.

"Huyu ndiye alitengeneza ile iliyokatika," aliwaambia, kwa sauti yake ile ya juu ya mtu asiyejisikia. "Amekuja kuifunga mwenyewe."

Mama aliyeumia bega alikuwa amejifunga khanga shingoni kushikilia mkono. Alinitazama muda mrefu. "Ni wewe?" aliuliza. "Mimi nilidhani hivi vitu vinatengenezwa na mashine."

"Mashine inawekwa na mtu, mama," nilimwambia. "Nisamehe."

"Funga basi. Watoto wanasubiri uji."

Niliifunga pini, nikaikaza kwa spana. Maji yalipotoka wakapanga madumu na kunisahau palepale, na mimi nikashukuru kusahauliwa. Kesho yake Fundi alinifundisha kuhesabu nyumba, kwa chaki, sakafuni, mlango wa mji ukiwa kwenye mguu wa meza yangu. Sijakosea hesabu hiyo tena mpaka leo.

Nimesema alikuwa mkali. Niseme pia alikuwa na upendeleo, na ilinichukua miaka kuuona. Alipenda kusema kwamba kwenye mashine hakuna nyumba kubwa wala nyumba ndogo, zote ziko kwenye ngoma moja. Lakini koleti mpya zilipofika, yaani vile vibanio vinavyoshika nondo, ya kwanza kufungwa ilikuwa nyumba ya nne. Mafuta yalianzia nyumba ya nne. Pini zikitoka vibaya alianza kuikagua ya nne, na akiikuta nzima alifurahi mpaka akapiga mluzi. Nyumba nyingine alizitega zilingane na hiyo.

Nilimuuliza siku moja tukiwa tumekwenda kula nyama. Alikuwa anapenda kichuri, ule mchuzi wa utumbo na nyongo wa kuchovea nyama, mpaka machozi yanamtoka kwa uchungu wa nyongo, na uchungu huo ulimlegeza ulimi.

"Kwa baba yangu mimi nilikuwa nyumba ya nne," alisema. "Ng'ombe ikichinjwa, nyama ilianza kulia kwa mlango. Ikifika kwetu ilikuwa ni kwato." Akachovya kipande kingine. "Mzee hakuwa mbaya. Hata yeye hakujua. Lakini mtoto anajua, Binti Mwalimu. Mtoto anajua kabisa."

Ndiyo maana, nadhani, alioa mke mmoja tu, na alipofiwa naye hakuoa tena. Sikumuuliza zaidi, na yeye hakurudia habari hiyo.

Aliondoka mwaka juzi, macho yakiwa yameanza kuingia ukungu. Binti yake anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi, Ikoma, akamchukua akakae naye. Siku ya kuaga alisafisha bisibisi yake ndefu kwa mafuta ya taa, akaiweka mezani kwangu, akasema, "Usiiume sana, ina meno yangu." Nilicheka. Alipopita getini nikaenda stoo na kulia nyuma ya marobota ya nondo.

Mashine ilijua kwamba hayupo. Ndani ya mwaka mmoja pini zilirudishwa mara mbili. Mama alikuja kusimama mbele ya meza yangu, mikono kiunoni. "Mimi si mtu mbaya, unanijua," alisema. "Lakini hii kitu ikinirudia tena, inaenda chuma chakavu. Nimeshaongea na mtu wa lori. Anakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Ukiniletea mzigo mzuri kabla ya hapo, namwambia arudi. Usipoleta, basi."

"Na nani atasema ni mzuri? Maikromita?"

"Maikromita ilikuwepo hata zile mara mbili."

Nilikuwa na wiki tatu. Nikatoa koleti zote sita, nikazipanga mezani, na kwa mara ya kwanza nikazitazama kwa macho yangu badala ya macho ya Fundi. Ya nne ilikuwa karibu mpya. Za tano na sita zilikuwa zimelika kama meno ya mzee. Miaka yote tulikuwa tunailisha nyumba moja na kuzilazimisha nyingine zifanane nayo, na zilifanana kwa sababu yeye alikuwepo kuzilazimisha kila saa. Nilisita sana, niwe mkweli. Kuigusa ile ya nne nilijiona kama ninayechukua sahani mbele ya mtu. Kisha nikaitoa, nikamwomba Mama seti nzima ya koleti, sita kwa pamoja, nikazifunga siku moja, nikaanza kutega zote upya kwa kipimo kimoja. Niliuma bisibisi mpaka taya likaniuma. Ijumaa ya mwisho nilipata pini sita ambazo sikuona cha kusema juu yake.

Jumamosi Fundi asingegusa chuma. Kwa hiyo Jumapili alfajiri nilipanda basi la Mugumu, na kutoka Mugumu nikachukua bodaboda mpaka Ikoma, ubao nimeufunga kwa khanga kifuani.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki upande wa kivuli cha nyumba, amevaa koti lilelile. Amekonda. Binti yake alimgusa bega ajue kuna mgeni. Nilisogea mpaka karibu na uso wake ili aone midomo yangu. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani?"

"Binti Mwalimu."

"Aaa. Mashine inasema nini?"

Niliweka ubao mapajani mwake. Aliupapasa, akaujua, akatabasamu. "Umepanga kwa hesabu ya nani?"

"Ya kwako. Kulia kwa mlango, kushoto kwa mlango."

Akazimwaga zote sita kwenye kiganja, akazichanganya. Huo ulikuwa mchezo wake wa zamani: alizichanganya, kisha akazirudisha kila moja kwenye nyumba yake kwa ukucha tu, maana kila koleti huacha alama yake, na hakuwahi kukosea. Akafunga macho. Akaichukua moja, akapitisha ukucha, akaiweka kando. Akachukua nyingine. Akairudia ya kwanza. Mbuzi walipita, akasubiri wapite, ingawa hakuwa anawasikia. Alizunguka zile sita mara tatu.

"Sijui," alisema.

Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo kuhusu pini. Binti yake aliniinamia akasema taratibu, "Ni uzee, dada. Hata mimi siku hizi ananipapasa ndiyo anijue."

Sijui Fundi aliusomaje mdomo wake kwa macho yale. "Uzee gani!" alifoka. "Lete lile kopo langu."

Binti akaleta kopo la kahawa. Lilikuwa limejaa pini, zile alizokuwa akitia mfukoni miaka yote. Juu yake kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, na nilikitambua kabla hajakifungua. Zilikuwa zile pini zangu sita za Matongo.

"Nilizitunza ili siku ukijisifu nikuonyeshe," alisema. Akazichanganya kiganjani, akafunga macho, na kabla sijapumua mara tatu zote zilikuwa kwenye ubao. "Hii ya nne, gonjwa. Hii ya sita, ndiyo uliitesa bure. Hii ya kwanza, hii ya pili, ya tatu, ya tano. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi kidole kiko hai." Akachukua tena pini zangu mpya, akazishika zote kwa pamoja ndani ya ngumi. Alikaa hivyo. "Ya nne uliipa nini?"

Niliogopa kumwambia. "Sawa na wenzake, Fundi. Zote nilizipa koleti mpya siku moja."

Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya zile pini polepole, bila kupima chochote.

"Hawa wote ni wa mama mmoja," alisema.

Akazitoa pini za Matongo kwenye ubao, akapanga zangu, bila kujali ipi inaingia wapi. Alipofika kwenye tundu la sita mkono wake ukapita, ukaingia mfukoni mwa koti, ukabaki humo.

Nililala Mugumu. Sikupiga simu, nilitaka Mama aone kwa macho yake. Jumatatu nilipofika karakana lori lilikuwa limeshaegeshwa getini, na vijana wawili wanashusha minyororo. Niliweka ubao juu ya meza ya Mama.

"Ziko tano," alisema. "Ya sita iko wapi?"

"Kwa Fundi. Mfukoni."

Mama aliliangalia lile tundu tupu, akavaa viatu vyake, akatoka kwenda kumwambia dereva arudishe lori lake.